Jipu la Kuku Nyamaza

Hapo zamani, enzi ambayo mtu akipotelewa na kuku kijiji kizima hupata habari kabla ya mwenye kuku, palikuwa na mjane katika kijiji cha Kwamkembe aliyeitwa Bi Siwatu. Hakuwa na mtoto, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na shamba la kujivunia. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, baraza ya udongo, na kuku mtetea mmoja.

Kuku huyo alikuwa wa mbegu ya kuchi: shingo ndefu, miguu mirefu, na mwendo wa karani anayekwenda kazini. Marehemu mumewe ndiye aliyemleta akiwa kifaranga, amemfutika ndani ya kofia, kutoka safari ya mbali. Akamkabidhi mkewe akisema, "Mke wangu, mbegu hii huku haipo. Mtunze." Haikupita miezi mitatu mume akafa. Kuku akabaki.

Na kuku alikuwa na mdomo. Asubuhi analalama, mchana analalama, akitaga yai moja anatangaza kana kwamba amejenga msikiti. Kutwa Bi Siwatu alikuwa akimkemea, "Nyamaza! We, nyamaza!" Mwisho jina likamganda. Kuku akawa Nyamaza. Ikawa taabu, maana kila jioni Bi Siwatu aliposimama barazani kumwita kuku wake, "Nyamaza! Nyamaza!", wanaume waliokuwa wakibishana njiani walikatiza maneno yao, wakatoa salamu, wakapita vichwa chini.

Nyumba ya pili alikaa Bi Mashavu, mwanamke mnene, mchapa kazi, mwepesi wa hasira. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na bustani yake ya mchicha, na Nyamaza hakuona mahali pengine pa kuchakura duniani isipokuwa hapo. Kwa ajili ya mchicha huo, majirani hao wawili walikuwa hawasemezani mwaka wa pili sasa. Wakiwa na neno la kuambiana walimpa kuku alipeleke.

"Nyamaza," Bi Mashavu husema kwa sauti, "mwambie mwenyewe wako mchicha huu si urithi wa baba yake."

"Nyamaza," Bi Siwatu hujibu kutoka jikoni kwake, "mwambie aliyekutuma kwamba anayelima bila ua asilie na kuku."

Siku moja Nyamaza akanyamaza.

Alfajiri kimya, mchana kimya, jioni kimya. Bi Siwatu alifurahi. Akasema, "Alhamdulillahi, kuku wangu amekuwa mtu mzima." Siku ya pili Nyamaza hakwenda kwenye mchicha. Bi Siwatu akasema, "Ameshika adabu." Siku ya tatu Nyamaza alisimama kutwa kando ya mtungi, bawa moja limelegea, macho nusu yamefumba. Bi Siwatu akasema, "Huyu anataka kuatamia." Akakaa naye hivyo siku tatu, na hata mara moja hakuinama akamwinua amtazame. Lishikeni hilo, msije mkasema sikuwaambia.

Siku ya nne akaja Chande.

Chande alikuwa mwizi wa kuku. Hakuiba mbuzi, hakuiba nguo kambani, hakuiba mazao ya mtu. Aliiba kuku tu, na kazi yake aliiheshimu. Alikuja saa saba mchana, jua la utosi, watu wamejinyoosha vivulini. Akaingia uani, akamzoa Nyamaza, akamtia kwapani, akatoka. Kuku hakutoa hata sauti. Chande akajisifu moyoni, "Mikono yangu leo imebarikiwa."

Alipofika nyuma ya kisima, alihisi joto kwapani. Akatembea hatua mbili. Joto likazidi. Akaketi juu ya gogo, akamgeuza kuku, akainua bawa. Lo! Chini ya bawa, pale paja linapoungana na ubavu, palikuwa na jipu kama ndimu, jekundu, limevimba, limekaza ngozi mpaka inang'aa.

Chande alimtazama kuku. Kuku alimtazama Chande. Chande akainuka, akarudi alikotoka, akasimama mlangoni kwa Bi Siwatu.

"Hodi!"

"Karibu," Bi Siwatu akatoka, mkononi ana kisu cha kumenyea muhogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo si kuku wangu?"

"Ni wako, mama."

"Na kwapani mwako anafanya nini?"

"Nilikuwa nimemwiba," Chande akasema. "Lakini hilo tuliweke kando kwanza. Mama, wewe kuku wako huwa unamtazama kweli? Hebu njoo uone. Mimi kazi hii mwaka wa kumi, sijapata kuiba kuku mwenye hali kama hii. Kweli mtu mzima kama wewe, kuku mmoja tu, unamwacha mpaka anafikia hapa? Huoni haya?"

Na Bi Siwatu, ajabu ya maajabu, aliona haya. Kisu kilimwanguka. Akainua bawa, akaliona jipu, akaketi chini palepale akalia kama siku ile ya msiba.

Kilio kikaita watu. Watu wakaja na shauri moja: "Mchinje kabla hajafa, asije akawa mzoga." Huyu akasema mchinje, yule akasema mchinje, mmoja akaanza hata kuulizia ndimu. Bi Siwatu akasimama, akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akasema mbele yao wote:

"Huyu hachinjwi. Huyu ndiye sauti pekee iliyobaki katika nyumba yangu. Sikilizeni. Atakayemponya Nyamaza, nitampa jogoo wa kwanza wa uzao wa kuku huyu. Nimesema mbele yenu, na mimi sina ulimi wa kurudi nyuma."

Watu wakatazamana. Jogoo wa kuchi! Kijiji kizima kilikuwa kikimtamani. Lakini jipu nalo walikuwa wameliona, kila mmoja akajibanza nyuma ya mwenzake.

Ndipo akajitokeza Fundi Ngwali, mshona viatu. Akaliminya jipu kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akasema, "Mimi nimekata ngozi na kuishona miaka thelathini. Ngozi ya ng'ombe, ngozi ya mbuzi, ngozi ya kuku, zote ni ngozi. Nitampasua. Ila nina sharti. Nikiona roho inamtoka, nimchinje mimi, na nyama iwe yangu."

Bi Siwatu akakubali.

Fundi Ngwali akamgeukia mkewe. "Nenda nyumbani ukaniletee kisu changu chembamba na sindano. Vichemshe kwanza." Mke alipopiga hatua kumi, akamwita tena. "Na sufuria kubwa iweke jikoni. Katakata na vitunguu."

Wakamlaza Nyamaza juu ya mkeka barazani. Bi Siwatu akamfunika kichwa kwa upindo wa kanga ili asione na kutaharuki. Chande akashika miguu na mabawa, kwani katika umati wote ule hakuna aliyejua kumtuliza kuku kama yeye. Fundi akaosha jipu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akayang'oa manyoya ya juu yake moja moja. Upepo ukageuka, ukaleta harufu.

"Fundi," Bi Siwatu akauliza, "mbona nasikia harufu ya vitunguu?"

"Ni tahadhari tu, bibi," Fundi akajibu bila kuinua uso.

Akapasua. Nyamaza akatetemeka mwili mzima, Chande akamnong'oneza maneno anayoyajua mwenyewe, kuku akatulia. Watu walidhani usaha utatiririka, lakini usaha wa kuku si kama wa mtu. Wa kuku hukauka ndani ukawa mgumu, wa manjano, kama kiini cha yai lililochemshwa. Fundi akaubandua polepole, kidogo kidogo, ulimi wake umetoka nje kwa umakini, hata vitunguu akavisahau. Katikati ya ule usaha kisu kikagonga kitu kigumu. Akakichomoa, akakiosha, akakiinua juu watu wakione.

Kilikuwa kijiti cheusi, chembamba, chenye ncha, urefu wa kucha mbili. Jino la chanuo. Chanuo la mpingo.

Basi pale ukingoni mwa uwanja, upande wa mchicha, Bi Mashavu alikuwa amesimama akitazama kama wenzake. Na kichwani mwake, katikati ya nywele, alikuwa amechomeka chanuo lake la mpingo. Na chanuo hilo lilikuwa na pengo.

Macho yote yakaenda kwenye lile pengo. Bi Mashavu akapeleka mkono kichwani polepole, kama mtu anayejikuna, akalifunika. Ulikuwa umechelewa mkono huo.

Bi Siwatu akaanza, kwa mazoea ya miaka miwili, "Nyamaza, mwambie huyo mwanamke..." Akakatika. Nyamaza alikuwa amefunikwa kichwa, na ubavu umepasuliwa. Hakuwa wa kutumwa.

Bi Mashavu akavuka bustani yake mwenyewe, akikanyaga mchicha wake mwenyewe, akaja akasimama mbele ya mkeka. "Nilimrushia chanuo," akasema. "Nilitaka kumtisha tu. Nilipoliokota nikaona limevunjika jino, nikadhani limevunjikia kwenye jiwe. Siwatu, sikukusudia."

Bi Siwatu akamwashiria Fundi aendelee. Fundi akatia uzi kwenye sindano, aanze kushona, na Bi Mashavu akamdaka mkono. "Usizibe yote! Jipu likizibwa lote linajaa tena. Shona pembeni, katikati uliache mdomo, uchafu upate njia." Fundi akakunja uso, maana hakuna fundi apendaye kufundishwa kazi mbele ya watu. Lakini akafikiri, akashona pembeni, akaacha mdomo. Akaosha kisu, akasema, "Yangu nimemaliza," akaenda nyumbani kwake, akala ugali kwa vitunguu vitupu.

Chande naye akaondoka kabla watu hawajakumbuka alikuwa amekuja kufanya nini. Watu wakatawanyika. Barazani wakabaki wanawake wawili na kuku mmoja.

Bi Mashavu hakuuliza ruhusa. Alileta tenga lake, akatandika nyasi kavu, akamlaza Nyamaza ndani, mbali na kuku wengine wa kijiji wasije wakaona damu wakamdonoa. Asubuhi alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akapaka manjano. Jioni alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akapaka manjano. Katikati ya asubuhi na jioni alikaa akipunga inzi kwa jani la mgomba. Nyamaza alipokataa kula, alimlisha uji wa mtama kwa ncha ya kidole. Alipokataa uji, Bi Mashavu alikwenda bustanini, akachuma majani machanga kuliko yote, akayakatakata, akamwekea.

Mchicha! Bi Siwatu alimtazama Nyamaza akila mchicha ule, kwa heshima zote, kutoka mkono uleule. Kicheko kikamjaa kifuani, akakibana.

Siku ya kwanza wanawake hawakusema neno. Siku ya pili Bi Siwatu akamwambia kuku, "Nyamaza, mwambie mgeni chai ipo." Siku ya tatu akasema, "Mashavu, chai yako inapoa." Siku ya nne na ya tano walizungumza mpaka chai ikapoa kweli. Bi Siwatu alikuwa amesahau jinsi nyumba inavyokuwa pakiwa na mtu wa kumjibu.

Siku ya saba, alfajiri, Nyamaza akainua shingo, akafungua mdomo, akapiga kelele moja iliyoamsha kijiji. Bi Siwatu akatoka mbio kanga mkononi akiita, "Nyamaza! Nyamaza!" na hata leo hakuna ajuaye kama alikuwa anamwita au anamkataza.

Kidonda kikafunga. Manyoya yakaota. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, Nyamaza akaanza tena kuzurura kwa majogoo wa kijiji, akataga mayai tisa, akaatamia. Saba yakaanguliwa. Mwewe akachukua watatu. Kicheche akachukua wawili. Mvua ikamchukua mmoja. Akabaki mmoja, naye alipokua kidogo akaota upanga mwekundu kichwani: jogoo. Nyamaza mwenyewe hakutaga tena. Alikuwa ameshazeeka, akabaki na maneno tu.

Asubuhi ile jogoo kijana alipojaribu kuwika kwa mara ya kwanza, sauti ikatoka kama mlango mbovu, na kabla hajarudia, uwanjani kwa Bi Siwatu walikuwa wamesimama watu watatu.

Chande alisema wa kwanza. "Mama, jogoo ni wangu. Nani aliyeliona jipu? Wewe ulikaa naye siku tatu hukuliona. Majirani walipita hawakuliona. Nisingemwiba, angekufa kando ya mtungi. Na nilipoliona ningeweza kumchinja nikamla, au kumtupa nikaenda zangu. Nilimrudisha, nikakiri kwa mdomo wangu mbele ya mwenye kisu! Tangu nizaliwe sijapata kuwa na kuku ambaye naweza kutembea naye mchana. Nipe huyu, niache kazi."

"Mwizi asifiwe kwa wizi?" akadakia Fundi Ngwali. "Bi Siwatu, wewe ulisema atakayemponya, hukusema atakayemwona. Kuona hata mbuzi anaona. Kisu kilikuwa cha nani? Mkono ulioingia jipuni ulikuwa wa nani? Lile jino lingekaa mle ndani, angepakwa manjano mpaka siku ya kiyama asingepona. Jogoo ni wangu."

"Wewe ulikuwa unamtakia kifo!" akasema Bi Mashavu. "Sufuria ilikuwa motoni!"

"Ilikuwa motoni, ndiyo. Lakini nilimuua? Nilikuwa na kisu mkononi na njaa tumboni, na kuku akatoka mzima. Niambieni nani mwingine alijaribiwa kama mimi."

Bi Mashavu akajifunga kanga kiunoni. "Mimi sina maneno mengi. Mwizi alimleta akatoroka. Fundi alipasua akaenda kula. Nani alibaki? Nani alisema jipu lisizibwe? Siku saba, asubuhi na jioni, nani alimwosha? Mchicha wa nani aliula? Kupasua ni kazi ya dakika, kuponya ni kazi ya siku. Tena nina mitetea wanne niliowafungia bandani bila jogoo, mayai yao hayaanguliwi. Jogoo wangu aliibiwa mwaka jana." Akamtazama Chande. Chande akatazama paa.

"Siku saba!" Fundi akacheka. "Aliyelitia jipu ni wajibu wake kulitibu, na huyu sasa anadai ujira. Basi na mimi nitatoboa viatu vya watu, halafu nivishone, wanishukuru."

"Kweli nilimwumiza," Bi Mashavu akasema, sauti imeshuka. "Na nimemtibu. Ninyi hamkumwumiza, kwa hiyo mliweza kuondoka. Mimi sikuweza."

Bi Siwatu alisikia yote, moyo wake ukaenda huku na huku kama pishi isiyo na kitako. Akiwatazama wale watatu, kila mmoja alikuwa amesema kweli. Akimpa Chande, kijiji kitasema amemlipa mwizi, na asipompa, kesho Chande atarudi kwenye kazi yake, akisema ungwana hauna faida. Akimpa Fundi, amempa mtu aliyekuwa na sufuria motoni. Akimnyima, nani tena atathubutu kushika kisu siku nyingine? Akimpa Bi Mashavu, watasema amempa rafiki yake, tena rafiki aliyetia jino ubavuni. Akimnyima, kesho asubuhi atakunywa chai na nani?

Akawaambia, "Kaeni naye kwa zamu." Wakakataa, jogoo hahami hami. Akawaambia, "Basi nitawapa mayai." Wakamkumbusha kwamba Nyamaza hatagi. Akafikiri abaki naye mwenyewe, wote wakose, lakini akakumbuka zile siku tatu alizopita kando ya kuku mgonjwa akifurahia ukimya, akaona kuliko wote yeye ndiye mwenye haki ndogo kabisa.

Basi akaenda kwenye tenga alimofunikiwa jogoo, akaliinua, akamkamata, akamkumbatia kifuani. Jogoo akamwangalia kwa jicho moja. Bi Siwatu akageuka. Mbele yake mikono sita imenyooshwa: miwili ya aliyemwiba akamrudisha, miwili ya aliyemtamani akampasua, miwili ya aliyemjeruhi akamuuguza.

Na mimi nilipofika hapo katika hadithi hii sijapata kuvuka. Nimewauliza wazee wakagombana, nimewauliza mke na mume wakalala mzungu wa nne. Leo nawauliza ninyi mlioketi hapa, kila mtu ajibu kwa moyo wake wala asimtazame jirani: ungekuwa wewe Bi Siwatu, na jogoo yuko kifuani mwako anatapatapa, mikono ya nani ungeijaza? Je, nani alistahili?